Ugali wa Watu Arobaini

Wekesa alitaja sharti lake huku akicheka, na waliomfahamu walijua kwamba Wekesa akicheka ndipo mtu anapaswa kuogopa.

"Sisi si watu wagumu," alimwambia Mwiti. Walikuwa wameketi nyuma ya nyumba yake huko Minto, chai mezani, Bridget katikati yao. "Wewe unamtaka Bridget. Bridget anakutaka, sijui kwa nini. Babake yuko Bungoma, na huku Sydney mimi ndiye babake. Nikimwambia ndugu yangu kwamba kijana anafaa, mtaitwa nyumbani. Nikinyamaza, mtangoja. Sasa, Jumapili ijayo njoo hapa na watu wako. Utuletee ugali."

"Ugali," Mwiti alisema.

"Mmoja. Watu arobaini, ugali mmoja. Usituletee vitonge vya kulisha ndege. Uuweke hapa mezani mzima, niukate mimi kwa mkono wangu, na ukikatwa utoe moshi. Na jikoni kwa mke wangu hamwingii. Mchumba hapikii kwa wakwe."

"Kwa hivyo niupikie kwangu, Seven Hills."

"Hata ukiupikia mwezini. Mmeru na ugali, wapi na wapi! Ndiyo nataka kuona."

Mwiti alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na kazi yake ilikuwa kufundisha hisabati katika chuo kikuu kimoja mjini. Tangu utotoni Nkubu, akichokozwa hujibu kwa swali linaloweza kupimwa.

"Utaukata saa ngapi, mzee?"

"Tukitoka kanisani. Saa nane."

"Saa nane kamili?"

Wekesa alimgeukia Bridget. "Huyu yuko sawa?"

"Yuko sawa, baba mdogo. Ndivyo alivyo."

Walipokuwa garini, Bridget alikuwa tayari na mpango. Yeye ni muuguzi Bankstown, na wauguzi hawaingii zamu bila mpango wa pili. "Tupike kumi ndogo. Tuzishikanishe kwa mwiko, tulainishe juu. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Wewe utajua, sawa, lakini si wewe unapiga simu Bungoma! Sikiza. Kuna barabara, kuna kuombea chakula, na kuna baba mdogo kusalimia kila mtu kama mgombea wa ubunge. Utafika baridi. Ukimpa ugali baridi hatakufukuza, atanyamaza tu. Mimi nimeshapewa likizo ya Desemba, Mwiti. Akinyamaza, hiyo Desemba imeenda, na nyingine sijui nitapewa lini."

"Baridi si tatizo," Mwiti alisema. "Tatizo litakuwa joto."

Bridget alimtazama, akawasha gari. Kuna mambo ambayo alikuwa amejifunza kutoyauliza akiwa anaendesha.

Jioni hiyo Mwiti alisonga ugali mdogo kwenye sufuria ndogo, akauacha wazi juu ya meza, akachomeka kipimajoto katikati yake na kukaa mbele yake na kalamu. Adrien, Mkongo wa Bukavu ambaye walikuwa wakipanga nyumba pamoja, alirudi kutoka kazini ghalani akamkuta hivyo.

"Weye unapima bugali homa?" Adrien aliuliza. "Iko mugonjwa?"

"Nataka kujua unapoa kwa muda gani."

"Ulize tumbo. Tumbo inajua."

"Tumbo halijawahi kula ugali wa kilo kumi na nne."

Adrien alivua viatu, akavuta kiti. Alipenda Mwiti akianza, kwa sababu kulikuwa na ubishi wa bure. "Haya, mwalimu. Fundisha."

Joto linavyosafiri ndani ya kitu huelezwa na mlinganyo tofautishi mmoja wa zamani, ambao Mwiti huufundisha kila mwaka. Huwatisha wanafunzi kwa sababu una vigeu viwili, mahali na wakati, na vyote vinabadilika kwa pamoja. Wengi hukimbilia kuushambulia kwa nguvu, kurasa kwa kurasa. Mwiti huwaambia watulie, kwanza waulize: kuna kitu gani naweza kuufanyia mlinganyo huu, nao usijue kwamba umeguswa? Mlinganyo wa joto una jambo kama hilo. Kuza kila urefu mara tatu, refusha muda mara tisa, na mlinganyo unabaki vilevile, herufi kwa herufi. Huo ndio ulinganifu wake. Ukishaupata, vigeu viwili vinaweza kufanywa kimoja, mahali kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha wakati, na kazi iliyokuwa ya wiki inakuwa ya alasiri moja. Na zaidi ya hayo, kitu kidogo kinakuwa shahidi wa kitu kikubwa.

Haya yote alimweleza Adrien kwa kutumia sufuria.

"Sufuria tuliyoazima kanisani ni mara tatu ya hii, upana na kimo. Nimezipima."

"Alors, itapoa mara tatu polepole."

"Mara tisa."

"Mara tisa! Sababu gani?"

"Joto la katikati lina safari ya mara tatu, na kila hatua ya safari joto lenyewe linasukumwa kwa ulegevu wa mara tatu. Tatu kwa tatu."

Adrien alifikiri. "Ni kama kutoka kwenye foire, ile soko kubwa ya maonyesho, mulango iko mbali na watu hawasukumane sana."

"Karibu sana na hivyo," Mwiti alikiri, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ugali mdogo ulichukua dakika hamsini kushuka hadi joto alilolitaka: lile la kuchoma vidole kidogo, kutoa moshi, na kulika. Mara tisa ingekuwa saa saba na nusu. Lakini Mwiti hakuishia hapo. Mlinganyo una ulinganifu wake, na ukingo una mambo yake. Hewa inayogusa ugali haikui mara tatu kwa sababu sufuria imekua mara tatu. Upepo wa Seven Hills ni uleule. Ukingo wa aina hiyo hauheshimu kipimo, na kadiri usivyoheshimu, jibu husogea. Akakaa nalo hadi chai ilipopoa, akashuka kutoka tisa hadi karibu saba. Muda wa saa sita, basi. Ugali wa saa nane mchana ungeipuliwa saa mbili asubuhi.

Alimpigia Bridget kumwambia.

"Mwiti. Hicho ni kiporo."

"Katikati kitakuwa na nyuzi sitini na tano."

"Nje je?"

"Ganda la nje litakuwa limepoa. Halina shida, anayekata anakata hadi ndani."

"Unataka kwenda kuposa na kiporo chenye ganda."

"Ukiupika saa saba mchana, utakatwa ukiwa na nyuzi tisini katikati. Hakuna mtu atakayeweza kuula."

"Wewe hujui watu wetu," Bridget alisema, akakata simu.

Jumapili waliusonga nje, nyuma ya nyumba, kwenye jiko kubwa la gesi. Mwiko ulikuwa na urefu wa kasia. Adrien alisonga, Mwiti akatia unga, kisha Mwiti akasonga na Adrien akatoa maoni.

"Sukuma! Unabembeleza bugali ama unaipika?"

"Nasukuma."

"Weye unasukuma kama mutu wa chuo."

Jirani Mwaustralia, mzee wa makamo mwenye kaptula, alichungulia juu ya ua akauliza kama wanachanganya saruji. Adrien alimwambia ndiyo, ya harusi. Mzee akawatakia heri, akarudi kwenye maua yake.

Saa mbili ugali uliipuliwa. Mwiti aliuacha juu ya meza ya chuma yenye matundu, wazi juu, hewa ikipita hata chini, kama hesabu ilivyotaka, na kipimajoto kimesimama katikati. Aliurudia kila baada ya muda. Ulikuwa ukishuka kwa mwendo aliouchora. Saa nne hivi, akiwa ameridhika, alienda kuoga na kupiga pasi shati, jambo ambalo kwake si la haraka. Alipotoka, Bridget alikuwa amefika na gari, sufuria ilikuwa imeshapakiwa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa.

"Umependeza," Bridget alimwambia, akimnyoosha kola. Macho yake yalikuwa na ukarimu usio wa kawaida.

Walifika Minto mapema; gari la Wekesa ndilo lilikuwa linaingia kutoka kanisani. Mwiti alifungua mlango wa nyuma wa gari. Hapakuwa na sufuria. Palikuwa na furushi: blanketi mbili nene, na ndani yake ile karatasi ya fedha wanayofunikia wagonjwa waliopigwa na baridi, imezungushwa mara kadhaa na kubandikwa kwa utepe wa hospitali, nadhifu kabisa, kazi ya mikono iliyozoea.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu," Bridget alisema, kidevu juu.

"Na miye nilishika blanketi," Adrien aliongeza, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Mlifunga lini?"

"Ulipoingia kuoga tu. Mwiti, singeweza. Huo ugali ulikuwa umekaa nje kwenye upepo kama mbwa. Kwetu ugali wa wakwe unafunikwa. Hata maskini anafunika."

Mwiti alifungua utepe, akakunja karatasi, akasoma kipimajoto. Nyuzi themanini na nane.

Hakuna aliyehitaji kumweleza kilichotokea. Mlinganyo ulikuwa uleule, ugali uleule. Ukingo ndio uliobadilishwa. Hesabu yake ilikuwa ya ukingo unaoachia joto, nao walikuwa wameupa ukingo usioachia kitu. Bridget alikuwa amelitatua swali kwa usahihi mkubwa, ila lilikuwa swali jingine.

"Ni mbaya?" Bridget aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni moto."

"Si ndiyo walitaka!"

"Ni moto wa kuunguza, Bridget. Na ganda la nje lilipoa kabla hamjaufunga, kwa hivyo mtu akiushika hatajua kilicho ndani."

Alimwendea Wekesa, aliyekuwa akipokea wageni langoni kwa mikono miwili. Alimweleza kwa adabu kwamba ugali ungepaswa kukatwa sasa hivi, vipande vyembamba, ili upate muda wa kupoa.

"Kukatwa wapi?" Wekesa aliuliza.

"Popote, mzee. Hata jikoni."

"Ugali wangu haukatwi jikoni kama keki ya mtoto. Nilisema mzima, mezani, kwa mkono wangu. Ama umeleta vipande vilivyounganishwa?"

Nyuma yao Bridget alikohoa.

"Ni mmoja, mzee. Lakini katikati una nyuzi themanini na nane."

"Kijana." Wekesa aliweka mkono begani mwake, akawageukia wageni ili wapate kusikia. "Mimi nilikuwa nakula ugali wa moto kabla hujajua kutambaa. Wabukusu hawapulizi ugali. Ugali ndio unatupuliza sisi!"

Watu walicheka. Mwiti aliwaza kwamba sentensi hiyo haikuwa na maana yoyote, na kwamba ilikuwa imeshinda.

Meza ilipangwa chini ya turubai. Kuku walikuwa tayari, na mboga za majani, na watu arobaini waliosimama kwa raha ya njaa. Ugali ulipinduliwa juu ya sinia kubwa, ukasimama imara, mweupe, bila ufa. Mtu mmoja alipiga mluzi. Mke wa Wekesa aliuzunguka mara moja, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Waliomba, na waliombea pia mambo mengi yasiyohusu chakula. Kisha Wekesa alikunja mikono ya shati, akagusa ubavu wa ugali kwa kiganja.

"Umepoa," alisema, kwa huzuni ya mtu aliyetabiri vema.

"Nje tu, mzee. Tafadhali usianze na katikati."

Kwa Wekesa maneno hayo yalikuwa sawa na kuonyeshwa mlango wa kupitia. Alitumbukiza mwiko hadi kati, akaupasua ugali, na moshi ukapanda kama wa treni, watu wakashangilia. Akachota tonge kubwa kutoka moyoni mwake, akalifinyanga upesi sana, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachovya mchuzi, akaliingiza lote mdomoni.

Mwiti alitazama saa yake, kwa mazoea tu.

Kwanza uso wa Wekesa haukufanya lolote. Kisha macho yalikua. Machozi yalitokeza, yakasimama ukingoni. Wabukusu hawatemi ugali wa wakwe mbele ya watu arobaini, na Wekesa hakutema. Alimeza. Tonge lilionekana likishuka, hatua kwa hatua, kifuani. Alipofungua mdomo kusema neno la ushindi, ilitoka pumzi peke yake.

"Maji!" mke wake alisema. "Leteni barafu! Niliolewa na wewe kwa nini mimi."

Hapo ndipo simu iliyokuwa mezani ilipolia. Ilikuwa Bungoma. Ndugu wawili walikuwa wamepatana saa hiyo: babake Bridget angepiga akinywa chai ya asubuhi, na Wekesa angempa neno. Wekesa alitazama simu, barafu imejaa mdomoni. Akaishika, akaikodolea macho. Bridget aliweka mkono mdomoni. Hakuna aliyejua desturi inasemaje iwapo msemaji hana ulimi, na simu haikuacha kulia. Mwishowe Wekesa akampa Mwiti, kwa ishara ya hasira iliyomaanisha: wewe ndiye umeyaleta.

Kwenye kioo alionekana mzee mwembamba mwenye sweta, kikombe mkononi, ukuta wa samawati nyuma yake.

"Wewe si Wekesa," mzee alisema.

"Hapana, mzee. Mimi ni Mwiti. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenyewe? Na ndugu yangu yuko wapi?"

"Yuko hapa. Hawezi kuongea. Ameungua ulimi kwa ugali."

Kikombe kilishushwa.

"Ugali wa nani?"

"Wangu."

Chini ya turubai hata kuku walionekana kusikiliza. Bridget alipiga hatua moja mbele, na Mwiti aliona kwenye uso wake kwamba alikuwa anakuja kusema habari ya blanketi, yote, mbele ya kila mtu. Angeweza kumwacha. Ingekuwa kweli. Lakini aliupima ukweli huo akaona haujakamilika.

"Nilikokotoa muda wa kupoa, mzee, ugali ukiwa wazi," alisema. "Haukubaki wazi. Sikumwambia mtu yeyote kwamba usifunikwe. Hesabu ina masharti, na masharti yanatakiwa kusemwa na anayeikokotoa. Kwa hivyo ulifunikwa kwa heshima, na ukabaki na moto."

"Nionyeshe."

Mwiti aligeuza simu. Moshi bado ulikuwa unapanda kutoka kwenye ufa.

"Mliupika saa ngapi huo?"

"Uliipuliwa saa mbili asubuhi."

"Na sasa huko ni saa ngapi?"

"Saa nane imepita."

Mzee alisogeza uso karibu na kioo, hadi zikaonekana nyusi tu. "Bado unatoa moshi. Na Wekesa hukumwonya?"

"Nilimwonya, mzee."

"Ulimwambia nini hasa?"

"Nilimwambia katikati una nyuzi themanini na nane. Kisha nikamwomba asianze na katikati."

"Akaanza wapi?"

Mwiti alimtazama Wekesa, na Wekesa akamtazama Mwiti. Mtu mwenye busara za nyumbani angetafuta neno la kuzunguka hapo. Mwiti hakuwa nalo.

"Katikati."

Sauti iliyotoka kwenye simu ilianza kama kikohozi. Ilikuwa kicheko, kikavu, cha mtu aliyemjua ndugu yake maisha yake yote. "Tulipokuwa wadogo," mzee alisema, akifuta macho, "mama alimwambia sufuria ni ya moto. Muulize alifanya nini. Basi, usimwulize, hawezi kujibu. Sasa watu wengine watakula nini? Ama mtangoja hadi usiku?"

"Ukibaki mzima, hadi usiku. Ukikatwa vipande vyembamba, dakika tano, sita. Kipande chenye unene wa sehemu ya kumi hakingoji sehemu ya kumi ya muda, kinangoja kidogo sana kuliko hapo."

"Basi kata, mwanangu. Mbona umesimama na simu?"

Bridget aliichukua simu, akaishika ili babake aone. Adrien alileta kisu kirefu cha mkate na bakuli la maji, na Mwiti alikata: vipande vya unene wa vidole viwili, vimelazwa kwenye masinia, kila kimoja mbali na mwenzake ili hewa ipite. Watu walisogea kutazama. Binti mmoja wa shule aliuliza kwa Kiingereza kama hiyo ni sayansi, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni chakula, anyamaze.

Mwiti alishika kipande cha kwanza, akakijaribu kwa kidole, akangoja, akakijaribu tena. Kisha akakiweka kwenye sahani na kukipeleka kwa Wekesa kwa mikono miwili.

"Hiki ni sitini na tatu, mzee. Labda sitini na nne."

Wekesa alikitazama. Alitazama pia simu, ambamo ndugu yake alikuwa ameacha kucheka, akingoja. Alitema barafu kwenye majani. Akamega kipande kidogo, na kabla ya kukila, mbele ya watu arobaini, alikipuliza.

Alikula. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Wekesa!" simu iliita. "Unasemaje? Nimwambie mama yake aandae Desemba ama nisimwambie?"

Wekesa alimeza, akagusa ulimi kwa ncha ya kidole, akasema neno lake la kwanza kwa shida, likiwa limevimba na kupinda, lakini likasikika hadi Bungoma.

"Mwambie."

Kisha akamsukumia Mwiti sahani, akaashiria sinia.

"Na ukate kingine. Chembamba."